Tangazo la maji liseme wazi: chemsha, usinywe au usitumie

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu ya barua tuzungumzie matangazo ya maji. Sisi ni mafundi wa mabomba na wapima maji, na jambo letu ni moja. Tangazo linalosema tu kwamba "maji si salama, wananchi wachukue tahadhari" linamwacha msomaji pale pale alipokuwa, sufuria mkononi, hajui aifanyie nini. Matangazo ya maji yako ya aina tatu, kila aina ina amri yake, na amri ya aina moja ikifuatwa kwa nyingine inaweza kudhuru watu. Gazeti likichapisha tangazo bila kutaja ni la aina gani, kosa la aliyelitoa huingia katika kila nyumba inayolisoma.

Karibu kila mtu akisikia maji yana tatizo hukimbilia jiko. Kuchemsha ni dawa ya vijidudu: bakteria, virusi na vimelea wote hufa. Lakini kemikali kama madini ya risasi, naitreti, aseniki na floraidi hazifi, kwa sababu hazina uhai. Maji yanapopaa kama mvuke, zenyewe hubaki sufuriani. Chukua lita 2 za maji yenye miligramu 45 za naitreti kwa lita, chini kidogo ya kikomo cha Shirika la Afya Duniani ambacho ni 50. Yachemshe hadi ibaki lita moja na nusu. Naitreti ni ile ile, miligramu 90, ila sasa imo katika maji machache zaidi, na kipimo kimepanda hadi 60 kwa lita. Aliye hatarini zaidi hapo ni mtoto wa chini ya miezi 6 anayekorogewa maziwa ya unga, kwani naitreti hugeuka naitraiti mwilini na kuizuia damu isibebe oksijeni. Midomo na kucha huanza kuingia rangi ya buluu. Mzazi aliyechemsha kwa dakika 20 badala ya 1, kwa kumpenda mwanawe, ndiye aliyempa kipimo kikali zaidi. Hakukosea yeye. Alikosewa na tangazo.

Aina ya kwanza ni "chemsha kwanza". Hutolewa bomba kuu linapopasuka, pampu zinapozimika na presha ikashuka, klorini inapokatika mtamboni, au kipimo kinapokuta E. coli, bakteria anayeashiria kinyesi. Kiwango kinachokubalika cha E. coli katika mililita 100 za maji ya kunywa ni sifuri. Kipimo hicho, na hili watu wengi hawaambiwi, huchukua saa 18 hadi 24 kwenye kifaa cha joto ili bakteria wakue hadi waonekane. Majibu ya leo asubuhi yanasimulia maji ya jana asubuhi, na hayo yameshanywewa. Kwa hiyo tangazo linalotoka kabla ya majibu, kwa sababu tu bomba limepasuka au klorini haionekani, si woga wala si kuwatia watu hofu. Klorini yenyewe hupimwa kwa dakika chache: maji kidogo ndani ya kichupa, kidonge cha kupimia, kisha rangi ya waridi inalinganishwa na kadi. Rangi isipotokea, hakuna sababu ya kungoja kesho.

Walkerton, mji mdogo wa watu wapatao 5,000 katika jimbo la Ontario, Kanada, ulijifunza haya kwa vifo mwezi Mei mwaka 2000. Baada ya mvua kubwa kinyesi cha mifugo kiliingia kwenye kisima kimoja cha mji, klorini haikuwa ikifuatiliwa ipasavyo, na majibu mabaya ya maabara hayakufikishwa mapema kwa maofisa wa afya. Watu zaidi ya 2,300 waliugua na 7 wakafa. Tangazo la kuchemsha maji lilitoka tarehe 21 Mei, na hata hapo halikumfikia kila mkazi. Wako walioendelea kunywa maji ya bomba kwa kuwa hawakulisikia. Hilo linawahusu ninyi wa vyombo vya habari moja kwa moja. Tangazo la maji halifai kukaa ukurasa wa 14 chini ya tanzia.

Kuchemsha nako kuna namna yake. Maji yafikie pale mapovu makubwa yanapopanda mfululizo, na hata ukikoroga hayatulii. Hapo hesabu dakika 1. Ukiishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari hesabu 3, kwa kuwa huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Zaidi ya hapo ni kupoteza moto na maji. Kama maji ni machafu kwa macho, yaache yatuame, mimina yale ya juu taratibu, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo uyachemshe. Kitambaa hakiui kitu. Kazi yake ni kuondoa matope. Baada ya kuchemsha, yaache yapoe katika sufuria ile ile, imefunikwa. Wengi huharibikiwa hapa. Maji yaliyochemshwa vizuri yanamiminwa kwenye jagi ambalo halijaoshwa tangu jana, au yanazimuliwa kwa maji ya bomba ili yapoe upesi, au kikombe cha kuchotea kinapita mikononi mwa watoto watano. Maji yaliyochemshwa hayana kinga ndani yake. Kidole kimoja kinatosha kuyarudisha yalikotoka.

Tangazo la kuchemsha linahusu maji ya kunywa, ya kupigia mswaki, ya kutengenezea barafu, ya maziwa ya mtoto na ya kuoshea vitu vinavyoliwa vibichi. Kuoga kunaruhusiwa mradi maji yasimezwe, na mtoto mdogo ni afadhali afutwe kwa kitambaa. Kufua hakuna shida.

Pasipo moto, klorini ya kufulia, ile ambayo wengi huiita jiki, inafaa kama ni ya asilimia 5 hadi 6 na haina manukato, rangi wala sabuni. Kwa maji maangavu weka matone 2 kwa kila lita. Ndoo ya lita 20 inataka matone 40, yaani mililita 2, na kipimo kizuri ni bomba la sindano la hospitali lisilo na sindano yake, kwa sababu kuhesabu matone 40 huku mtu anakusemesha ni kupotea njia. Koroga, funika, subiri dakika 30. Ukifunua unatakiwa usikie harufu kidogo ya klorini. Usipoisikia, rudia kipimo kile kile na usubiri dakika 15. Bado hakuna harufu? Basi uchafu umeila klorini yote, au klorini yako imekwisha nguvu kwa kukaa juani ama kwa kuzeeka. Usiyanywe maji hayo. Maji yenye ukungu yatuamishwe na kuchujwa kwanza, kisha kipimo kiongezwe mara mbili. Na klorini isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala kisafishio chenye amonia, hata chooni. Inayotoka hapo ni gesi ya sumu.

Kuna kimelea kimoja kinachoishinda klorini, Cryptosporidium. Mwaka 1993 huko Milwaukee, Marekani, watu wapatao 400,000 waliugua kwa maji yaliyokuwa yamepita mtamboni na kutiwa klorini. Mamlaka ikitaja kimelea hicho, weka klorini pembeni na uchemshe.

Aina ya pili ni "usinywe". Hii huja maji yanapokuwa na kemikali: naitreti kutoka mbolea na vyoo, risasi kutoka mabomba ya zamani na viungio vyake, au sumu ya mwani kutoka ziwa au bwawa. Agosti 2014 wakazi wa Toledo, Ohio, huko huko Marekani, waliamka na tangazo la kutokunywa maji ya bomba na kutoyachemsha, kwa sababu mwani wa ziwa Erie ulikuwa umetoa sumu iitwayo mikrosistini. Moto hauiondoi sumu hiyo. Unapasua chembe za mwani ili itoke zaidi, na mvuke unaiacha ikiwa kali kuliko awali. Fikirieni kama tangazo lile lingesema tu "chukueni tahadhari". Mji mzima ungewasha majiko.

Risasi ina hadithi yake, na mji wa Flint, Michigan, ndio uliyoifanya ijulikane. Aprili 2014 mji huo ulibadili chanzo cha maji na kuanza kutumia mto Flint bila kuweka dawa ya kuzuia kutu. Maji mapya yakala utando uliokuwa umefunika mabomba kwa ndani, na risasi ikaanza kuchuruzika hadi kwenye vikombe. Mtamboni maji hayakuwa na risasi. Iliingilia njiani, kwenye mabomba ya mtaa na ya nyumba. Kwa hiyo sampuli ya mtamboni haiwezi kumjibu mwenye nyumba ya zamani. Kama bomba lako ni la rangi ya kijivu iliyopooza, laini, na ukilikwaruza kwa sarafu linang'aa kama fedha, na sumaku hailishiki, hilo ni la risasi. Mpaka libadilishwe, maji yaliyolala humo usiku kucha yasinywewe. Fungua koki hadi maji yatoke baridi kuliko yalivyoanza, kinga hayo ya kwanza kwenye ndoo ya choo au ya kudeki, ndipo ujaze ya kunywa. Ya kupikia yachotwe koki ya baridi daima. Maji ya moto huyeyusha risasi kwa wepesi zaidi.

Aina ya tatu, "usitumie kabisa", ni nadra. Januari 2014 kemikali ya kusafishia makaa ya mawe ilivuja kwenye mto Elk, West Virginia, na watu wapatao 300,000 wakaambiwa wasinywe, wasioge, wasifue. Maji yalifaa kuflashi choo na kuzima moto tu. Maji yakinuka mafuta ya taa, petroli au rangi, hata kabla tangazo halijatoka, usiyapashe moto wala usiogee, kwani mvuke wa bafuni ndio utakaouvuta kifuani. Funga, toa taarifa.

Sasa tuje kwenye kubana matumizi ya maji, jambo ambalo huandikwa siku nyingine kana kwamba halihusiani na haya. Kwetu ni jambo moja. Bomba lililo ardhini lenye ufa hutoa maji presha ikiwapo. Presha ikikatika, maji yanateremka kuelekea bondeni, ndani ya bomba panabaki utupu, na ule ufa uliokuwa ukitoa unaanza kunyonya: maji ya mtaro, ya shimo la choo, chochote kilicholowanisha udongo ule. Maji yakirudi, kile kilichonyonywa kinasukumwa mbele hadi koki ya kwanza itakayofunguliwa. Mgao wa maji unachafua namna hiyo, na tundu linalopoteza maji usiku ndilo linaloingiza uchafu mchana. Anayeripoti bomba linalovuja barabarani analinda tumbo la jirani yake. Na anayefunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili avute maji mengi kuliko wenzake anashusha presha ya mtaa mzima na kuzifanya nyufa zote zinyonye. Pampu ivute kutoka kwenye tangi lako, siyo kutoka kwenye bomba la wote.

Mpira wa maji nao tunaomba utazamwe kwa karibu. Mtu ameutumbukiza ndani ya ndoo yenye sabuni, au ndani ya pipa la dawa ya kunyunyizia mimea, akaacha koki wazi akaenda kuitika simu. Presha ya mtaa ikikatika dakika hiyo, mpira unageuka mrija. Dawa ile inapanda, inaingia kwenye mabomba ya nyumba, pengine na ya jirani. Kinga yake haina gharama: ncha ya mpira au ya koki iwe juu ya maji siku zote, angalau sentimita 2.5, au mara mbili ya upana wa bomba, ipi iliyo kubwa. Kipande hicho cha hewa hakuna uchafu unaokiruka. Hata kwenye tangi la juu, bomba linaloingiza maji liwe juu ya tundu la kufurikia.

Uvujaji wa ndani ya nyumba unatafutwa hivi. Usiku kabla ya kulala funga kila kitu na uandike tarakimu zote za mita, zile nyeusi na zile nyekundu. Kwa kawaida nyeusi ni mita za ujazo, kila moja ikiwa lita 1,000, na nyekundu ni sehemu zake hadi lita. Asubuhi kabla mtu hajaflashi, soma tena. Zikisogea, unavuja. Ili kujua ni wapi, funga valvu inayoingia ndani ya nyumba na utazame kigurudumu kidogo cha mita: kikiendelea kuzunguka, tatizo liko kati ya mita na nyumba, chini ya ardhi, kikisimama, liko ndani. Ndani, mtuhumiwa wa kwanza ni choo, kwa sababu huvuja kimya. Tia rangi ya chakula ndani ya tangi la flashi, usiflashi, rudi baada ya dakika 15. Ukikuta rangi imeingia kwenye bakuli, mpira wa chini unaoziba tangi haukai vizuri. Wakati mwingine ni chumvi ya maji tu iliyojikusanya kwenye ukingo, ikifutwa kwa kitambaa kikavu yanaisha. Wakati mwingine mpira umekuwa mgumu au mnyororo wake ni mrefu, unanaswa chini yake. Kama hakuna rangi ila mlio wa maji hauishi, tazama boya: maji yasimame sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba la kufurikia. Yakiufikia, yanamwagika humo mchana na usiku.

Koki inayodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, ndoo nzima. Karibu kila mara dawa yake ni washa mpya, yaani kile kipete cha mpira kilicho ndani ya koki, ila kagua na kitako kinachokalia. Kikiwa kimechubuka, washa mpya italiwa ndani ya wiki chache na utadhani umeuziwa feki. Kuikaza koki kwa nguvu zote ndiko kunakokichubua. Kwa choo cha zamani kinachomeza lita 9 hadi 13 kila ukiflashi, chupa ya lita moja iliyojazwa mchanga na kufungwa barabara, ikawekwa kwenye tangi mbali na boya, huokoa lita moja kila mara. Tofali tunalikataa: humeguka, na chembe zake hukaa chini ya mpira.

Bafu la mvua la kawaida hutoa lita 9 au 10 kwa dakika, hivyo dakika 8 ni kama ndoo 4. Jiji la Cape Town kuanzia tarehe 1 Februari 2018 liliwataka wakazi watumie lita 50 tu kwa mtu kwa siku kwa kila kitu, wakati mabwawa yakikauka. Inawezekana, ingawa si raha. Lakini wanaohimiza kubana matumizi waseme pia pasipobanwa. Kunawa mikono kwa sabuni sekunde 20 hakupunguzwi. Lowanisha, funga koki, sugua, fungua, suuza, na nusu lita itatosha. Vyombo vya mgonjwa wa kuhara havioshwi katika maji yaliyotumika. Maji ya kufulia yanafaa kuflashi choo, ila yamalizwe siku hiyo hiyo. Yakilala zaidi ya saa 24 yanaoza na kunuka. Yasimwagiwe mboga zinazoliwa mbichi.

Akiba ya maji ya kunywa ihesabiwe mapema, lita 4 kwa mtu kwa siku, kwa siku 3. Nyumba ya watu 5 inahitaji lita 60, madumu matatu ya lita 20. Dumu liwe lililobeba kitu cha kuliwa au maji tu, lenye mdomo mwembamba au koki chini, ili mkono usiingie. Lioshwe kwa sabuni, kisha kijiko kimoja cha chai cha klorini ya kufulia katika lita moja ya maji kitikiswe ndani yake sekunde 30 hadi kila upande ulowane, kimwagwe, dumu lisuuzwe. Dumu lililokuwa na dawa ya wadudu au mafuta ya gari halifai, hata lioshwe mara kumi, maana plastiki huyanywa. Chombo kisichofunikwa huzaa mbu ndani ya siku 7 hadi 10; kikimwagwa kisuguliwe kuta, kwa sababu mayai ya mbu Aedes hunata hapo na hustahimili ukavu.

Tangi la lita 1,000 wengi huambiwa walijaze na kulitia lita moja ya klorini ya kufulia ya asilimia 5, liachwe saa 12, kisha limwagwe. Inafanya kazi, lakini ni lita 1,000 zimekwenda. Kwa tangi dogo unaloweza kulifikia kote kwa brashi ndefu, subiri akiba iwe imekaribia kwisha, toa tope, sugua kwa maji na sabuni, suuza, kisha paka kuta zote maji ya lita 10 yenye mililita 40 za klorini ile ile. Yaache dakika 30, suuza kwa ndoo mbili, mwaga. Kazi ile ile kwa lita 50 hivi. Tangi kubwa la kuingia mtu asiingie mtu peke yake, wala klorini isipakwe na aliye ndani pasipo hewa ya kutosha. Funika matundu ya hewa na la kufurikia kwa wavu mwembamba. Anayekinga mvua aruhusu milimita ya kwanza impite, kwani ndiyo inayoosha paa. Kwa paa la mita za mraba 50, hizo ni lita 50.

Limebaki tangazo ambalo halichapwi karibu kamwe, la kuondoa amri. Kwa kawaida amri ya kuchemsha huondolewa baada ya sampuli mbili mfululizo kutoka safi, lakini maji ya zamani bado yamelala kwenye mabomba ya nyumba. Anza na koki iliyo karibu na mita. Fungua vichujio vidogo vya mdomoni, maana humo hujaa mchanga, kisha acha maji baridi yatiririke dakika 5, koki moja baada ya nyingine, ukiyakinga kwa ajili ya choo na kudeki. Hita ya maji iachwe itoke dakika 15 au zaidi kulingana na ukubwa wake. Barafu yote itupwe pamoja na ile ya mashine itakayofuata mara tatu. Chujio la ndani ya jokofu au la chini ya sinki libadilishwe. Lile la zamani limeshika kile tulichokuwa tukikikimbia.

Kwa hiyo tunawaombeni, Mhariri, mkipokea tangazo lisilo na aina, mpigieni aliyelitoa kabla ya kulichapa, mumuulize ni lipi kati ya matatu. Na likichapwa, juu ya ukurasa, lisomeke kama hivi:

"CHEMSHA MAJI KABLA YA KUNYWA. Bomba kuu limepasuka leo saa 11 alfajiri na presha imekatika. Linahusu mitaa hii (itajwe mmoja mmoja). Mitaa mingine haihusiki. Chemsha dakika 1 tangu mapovu makubwa yaanze, poza ukiwa umefunika. Tumia maji hayo kunywa, kupiga mswaki, barafu, maziwa ya mtoto na kuosha vinavyoliwa vibichi. Unaweza kuoga bila kumeza, kufua na kuflashi. Tunasubiri majibu ya vipimo na tutatoa taarifa kesho saa 4 asubuhi, hata kama hakuna jipya. Mwambie jirani asiyesoma, mzee anayeishi peke yake na mwenye mtoto mchanga."

Ni sisi wasomaji wenu,
Mafundi wa mabomba na wapima maji